Ardhi ya Ziwani, Kalamu na Mashahidi



Ndugu zetu Waislamu, wazee kwa vijana, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la mawakili na mahakimu peke yao, nalo ni jambo la kuandikiana. Limetulazimu kulitaja kwa sababu ya mabadiliko tunayoyaona katika nchi yetu ya Mbinga na katika ufuko wa Ziwa Nyasa. Ardhi ambayo jana haikuulizwa na mtu, leo yatafutwa na wageni wenye fedha mkononi. Na penye fedha na haraka, ndipo haki ya mjane na yatima hupotea.

UZURI WA NCHI NA WANUNUZI WAKE

Aliyewahi kushuka kutoka milima ya Umatengo kwenda ziwani aijua neema tuliyopewa. Huku juu ziko kahawa na ngolo, yale mashimo ya kilimo ambayo wazee wa Kimatengo waliyabuni ili mvua isiondoke na udongo wa mlimani. Katika wilaya hii hii ya Mbinga iko kata ya Litumbandyosi, ambayo jina lake limechukuliwa na pori la akiba lenye wanyama. Bonde la Ngaka latoa makaa ya mawe yaliyoanza kuchimbwa na kampuni mwaka 2011. Na chini kule lakungoja ziwa lenyewe, lenye urefu wa kilomita zipatazo 580 na kina kinachofika mita 700, na ndani yake samaki wa rangi mbalimbali ambao wataalamu husema aina zao zapita mia kadhaa, na nyingi katika hizo hazipatikani mahali pengine duniani.

Mbamba Bay ina mchanga mweupe na visiwa vidogo vilivyo karibu. Liuli ina jiwe kubwa ambalo kwa umbo lake Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen. Hapo ndipo mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Na lile likawa pambano la kwanza la vita vile katika maji ya Ziwa Nyasa. Watalii huja kuyatazama mambo haya, na hapana ubaya. Kutembea katika ardhi na kuzingatia alichokiumba Mola ni jambo ambalo dini yetu yalihimiza, na kumkirimu mgeni ni katika imani.

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Tena ikaja barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na ujenzi wa bandari mpya ukaanzishwa. Safari iliyokuwa ya siku nzima kwa matope imekuwa ya saa chache. Basi aliyekuja kutazama machweo ya jua husema, "Nani mwenye kiwanja hiki?" Na mara nyingi wa kwanza kujibu ni kijana aliyeketi karibu, ijapokuwa kiwanja ni cha baba yake aliyefariki, na mirathi haijagawanywa.

TUANGALIE HESABU

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Mtu amefariki akaacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na shamba la ekari 24 linaloteremka mpaka ziwani. Hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake walimtangulia. Kwa hukumu ya Qur'ani mke ana thumni kwa kuwa marehemu ana watoto, nayo ni ekari 3. Zilizobaki ni ekari 21. Mwanamume hupata sehemu mbili na mwanamke sehemu moja. Basi kijana ana ekari 14 na dada yake ana ekari 7.

Ikiwa kijana huyo atasimama mbele ya mnunuzi na kuuza ekari zote 24, ameuza zake 14, na ameuza 10 zisizo zake. Hizo 10 ni jasho la mama yake na ni mahari ya matumaini ya dada yake. Hata akizipeleka zile fedha katika jambo jema, hawezi kuifanya sadaka mali ya kupora. Na sisi sote twaijua khabari aliyotupa Mtume (s.a.w.), ya kuwa mwenye kudhulumu ardhi hata shubiri moja atavishwa siku ya Kiyama kutoka ardhi saba.

Wengine husema, "Kwa mila yetu binti harithi shamba." Jawabu ni kuwa mila hiyo imekataliwa na Mola wetu, na tena imekataliwa na sheria ya nchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 20, yaibatilisha kila mila imnyimayo mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kuwa na ardhi na kuitumia. Mwenye kung'ang'ania mila hiyo hana pa kujificha, kwa Mola wake wala kwa hakimu.

AMRI YA KUANDIKA

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikushuka kueleza Sala wala Saumu. Ni Aya ya 282 ya Sura ya Baqara, nayo yaeleza namna ya kuandikiana deni. Ndani yake Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini wakikopeshana kwa muda maalumu waandikiane. Mwandishi awe mwadilifu. Asikatae kuandika kwa kuwa Mungu ndiye aliyemfundisha. Washuhudishwe mashahidi wanaoridhiwa. Watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Na mwandishi na shahidi wasitiwe taabuni. Pia wameamrishwa washuhudishe wanapouziana. Wanavyuoni wengi wameona kuwa amri hizi ni za kupendekezwa, na kwamba muamala husihi bila ya karatasi. Lakini mambo ambayo Mola wetu ameyapambanua kwa urefu huo si ya kuyapuuza, khasa katika ardhi, ambayo ugomvi wake hurithiwa na wajukuu.

Tuzingatie neno moja ambalo wengi hulipita. Aya yaagiza kwamba atakayeimla maneno kwa mwandishi ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa. Akiwa ni mpungufu wa akili, au dhaifu, au hawezi kutamka mwenyewe, basi walii wake aimle kwa uadilifu. Na hekima yake ni dhahiri: mtu akitamka kwa ulimi wake alichokubali kutoa, hawezi kesho kusema hakufahamu. Sasa tujiulize, mambo yetu yakoje? Mnunuzi huja na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa mjini, yenye maneno ambayo bibi mwenye shamba hakuyasikia, kisha huelekezwa atie dole gumba. Hapo mwenye haki hakuimla neno, na walii wake hakuwapo. Ameazimwa kidole tu.

Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe aliandikiana na watu. Imepokewa katika vitabu vya Hadithi kuwa baina yake na Al-Addaa bin Khalid iliandikwa hati ya mauziano, ikataja majina ya pande mbili na kwamba hapana hila ndani yake. Na alipofika Madina, pale ulipojengwa Msikiti wake palikuwa ni kiwanja cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure kwa ajili ya Mungu, naye alikataa kukipokea hivyo mpaka akakinunua kwa thamani. Ikiwa kiwanja cha Msikiti wa Mtume kililipiwa kwa kuwa wenyewe walikuwa mayatima, seuze kiwanja cha hoteli?

MWENYE MUHURI AENDAYE KWA WATU

Katika zama zetu kazi ya mwandishi mwadilifu imepewa utaratibu na serikali. Sheria ya nchi, iliyo Sura ya 12 ya sheria zetu, yawatambua mawakili walioandikishwa kuwa ni wathibitishaji wa hati na makamishna wa viapo. Kwao watu hupeleka hati za mauziano, hati za kumpa mwingine uwakala, na hati za kiapo. Katika nchi ya Morocco kazi hii hata leo hufanywa na watu waitwao maaduli, yaani waadilifu, ambao huandika ndoa na mauziano ya ardhi. Na mwaka 2018 wanawake nao walifunguliwa mlango wa kuwa maaduli. Katika miji ya pwani ya Marekani wako wathibitishaji ambao kazi yao khasa ni kutembea: humfuata mgonjwa hospitalini, mzee nyumbani kwake na msafiri hotelini, ili atie saini mbele yao.

Mbona sisi wa bara tuone ajabu wakili akitoka ofisini? Mkazi wa Litumbandyosi mwenye kuhitaji muhuri hupaswa kwenda Mbinga mjini au Songea. Nauli, siku iliyopotea na malazi huweza kupita malipo ya muhuri wenyewe. Matokeo yake watu huandikiana katika jani la daftari la shule, bila ya mipaka, bila ya tarehe, shahidi akiwa ni rafiki wa mnunuzi. Aya tuliyoitaja yakataza mwandishi kukataa, na yakataza tena kumtia taabuni. Basi wakili anayepanda pikipiki kwenda kijijini atekeleza wema mkubwa, na watu wa kijiji wanaomlipia nauli na kumpa chakula chake nao watekeleza wajibu wao.

Kwa bahati njema mwendo huo umekwisha kuanza nchini. Mwaka 2019 Mahakama ya Tanzania ilizindua mahakama zinazotembea kwa magari, ikaanza na Dar es Salaam na Mwanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria walio karibu na watu vijijini. Na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, ilipita mikoani, Ruvuma ikiwemo, ikisikiliza kesi za ardhi na mirathi hadharani. Ila ifahamike kuwa msaidizi wa kisheria si wakili. Yeye hufundisha, huelekeza na husuluhisha. Muhuri si wake.

YALIYOMO NA YASIYOMO KATIKA MUHURI

Hapa ndipo penye kosa kubwa la watu wetu. Mtu huiona karatasi ina duara la wino mwekundu, akadhani kila kilichoandikwa humo kimekuwa kweli. Sivyo. Muhuri wa kamishna washuhudia kwamba fulani alifika mbele yake, akajulikana, akaapa au akatia saini. Haushuhudii kwamba shamba ni lake. Kijana wetu wa ekari 24 aweza kugongewa muhuri mzuri kabisa, na ekari 10 zikabaki si zake.

Na muhuri wenyewe una masharti. Sheria yamwamuru kamishna aandike jina lake, na ataje kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Mahakama zetu zimepata kuvitupa viapo vilivyokosa mambo hayo. Basi wakili akiapisha mtu Litumbandyosi, na aandike Litumbandyosi. Asiandike Songea kwa kuwa ndiko iliko ofisi yake. Tena hafai kuwa kamishna katika shauri analolitetea mwenyewe au lenye maslahi yake. Na karatasi iliyogongwa muhuri mjini ikiwa tupu, kisha ikaletwa kijijini kujazwa na kutiwa dole gumba, hiyo ni shahada ya uwongo, na shahada ya uwongo Mtume (s.a.w.) ameihesabu katika madhambi makubwa. Dhambi hiyo yampata mgongaji, mbebaji na mwenye kunyamaza hali yuajua.

Wako pia wanaojiita mawakili na wao si mawakili. Mahakama imeweka katika mtandao mfumo uitwao e-Wakili, ambamo mtu aweza kutafuta jina la wakili akajua kama ameandikishwa na kama aruhusiwa kufanya kazi. Vijana wetu wenye simu, ambao hukesha wakitazama mipira, wangeweza kuwafanyia wazazi wao hisani hii kwa dakika chache.

MILANGO YA KUPITIA KABLA YA KALAMU

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Neno mdhamini lapendeza kwa Mwislamu, kwani nasi twaamini kuwa tulichonacho ni amana. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo ndiyo itoayo hati ya hakimiliki ya kimila. Mtu wa nje ya kijiji hawezi kuipata kwa kupeana mkono na muuzaji chini ya mwembe. Shauri lake sharti lifike kwa halmashauri. Na asiye raia hapewi ardhi illa kwa ajili ya uwekezaji, kwa njia zilizowekwa na sheria.

Ikiwa mwenye ardhi amefariki, mlango wa kwanza ni mirathi. Jamaa wakae, deni la marehemu lilipwe, wasia wake utekelezwe usiozidi thuluthi, kisha msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mirathi ya Kiislamu. Baada ya mgawanyo, kila mrithi auze chake akitaka, au akiache. Warithi wakiwa watoto wadogo, mlezi akumbuke kuwa Qur'ani imeifananisha mali ya yatima inayoliwa kwa dhulma na moto tumboni.

Ikiwa kinachouzwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamtaka mwenye nyumba apate ridhaa ya mwenzake. Mume asimwite mke wake atie saini baada ya fedha kuliwa. Amshauri mbele ya kalamu.

Na upande wa ziwani kuna mpaka mwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au wa ziwa la asili. Anayeuza mchanga mpaka majini, na anayejenga ukuta palipokuwa njia ya wavuvi na mahali pa wanawake kuteka maji, wameuziana haki ya watu wote. Hata mgeni asikubali kuuziwa hivyo, maana nyumba yake yaweza kubomolewa na fedha zisirudi.

Ugomvi ukitokea, tusikimbilie mapanga. Liko baraza la ardhi la kijiji kwa ajili ya kusuluhisha, na katika wajumbe wake saba wasipungue wanawake watatu. Suluhu ni kheri.

NASAHA KWA NYUMBA NA MISIKITI

Ndugu zetu, twapendekeza mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya bila ya gharama kubwa.

Kwanza, mwenye mali aandike wasia wake angali mzima. Mtume (s.a.w.) hakuona vema mtu mwenye jambo la kuusia alale siku mbili bila ya kuwa na wasia ulioandikwa. Ataje madeni yake, anaowadai, na mipaka ya shamba lake: mto, jiwe, mti, jirani wa mashariki na wa magharibi.

Pili, hati isomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa lugha ambayo mwenye mali aifahamu. Ikiwa bibi afahamu Kimatengo, Kinyasa au Kingoni zaidi ya Kiswahili cha mahakamani, aelezwe kwa lugha yake, kisha aulizwe asimulie mwenyewe amekubali nini. Akishindwa kusimulia, kalamu iwekwe chini.

Tatu, mashahidi wawe wa pande zote mbili, na majirani wanaopakana na shamba wawepo. Jirani ndiye shahidi ajuaye mpaka.

Nne, fedha zisipokewe siku ile ile ya kuonyeshwa kiwanja. Mnunuzi mwema hangoji kuombwa subira. Mwenye kukuharakisha usiwaone ndugu zako, huyo ana analolijua ambalo wewe hulijui.

Tano, kamati za misikiti zijitahidi kumwalika wakili mwaminifu angalau mara moja baada ya mavuno, watu wakiwa wameuza kahawa na wanayo nauli ya kumchangia. Aje siku ya Ijumaa, aketi nje ya msikiti baada ya Sala, wanaume na wanawake, Waislamu na majirani zetu Wakristo, wapate kuandika na kuapa hapo hapo kijijini. Malipo yake yatangazwe mbele ya watu kabla ya kazi kuanza, pasiwe na manung'uniko baadaye.

Nanyi vijana, mliopata kusoma kuliko wazee wenu, elimu yenu ni deni. Mwandishi ameambiwa asikatae kuandika kwa sababu kuandika si mali yake. Amefundishwa na Mola wake. Msiitumie kalamu kumpokonya mama yenu asiyejua kusoma. Itumieni kumwandikia mipaka yake, kumsomea karatasi zake, na kumzuia asitie dole gumba mahali asipopafahamu.

Wageni wataendelea kuja kuitazama Nyasa, na tutawapokea kwa ukarimu. Anayetaka kununua na anunue kwa haki, anayetaka kuuza na auze kilicho chake. Ekari zile 3 za mjane na 7 za binti zikikaa salama katika hati yenye mipaka, mashahidi na tarehe ya kweli, hapo tutakuwa tumeitii Aya ambayo wengi huisoma kila Ramadhani na wachache huifanyia kazi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie waandishi waadilifu, mashahidi wakweli na warithi wenye kuridhika na sehemu zao. Amin.